Siti Iliyomkaanga Mama wa Dagaa

Mama yule alipanda pikipiki, akaruka. Sikuwepo, nimesimuliwa na kijana mwenyewe wa bodaboda huku akicheka kicheko cha mtu aliyepata hasara. "Mwanangu, hii siti au kikaango?" mama akamwuliza. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa pili, nje ya soko la Mgandini hapa Tanga. Mama ni muuza dagaa, mteja wake wa kila siku kwa karibu mwaka mzima. Akashuka, akachukua ndoo yake, akapanda pikipiki ya jirani iliyokuwa imeegeshwa kivulini. Kesho yake akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki ileile ya kivulini, hata shingo hakugeuza.

Hilo ndilo lililomrudisha kibandani kwangu, ninakoshona siti. Maumivu alikuwa nayo tangu mwezi wa kumi na moja, ila vijana wa kijiweni huvumilia makalio kuungua kuliko wanavyovumilia mteja kuhama.

Niseme mapema: siti hiyo niliishona mimi, tena mara mbili. Kwa hiyo ukinisoma hapa nikichambua, ujue sehemu ya ninachokichambua ni mkono wangu mwenyewe.

Pikipiki yenyewe ni ya cc 150, siti ndefu nyeusi kama zilivyo nyingi mjini, ya mkataba, hesabu kwa bosi kila siku. Kijana huianza saa kumi na mbili asubuhi stendi ya Kange akiwasubiri abiria wa mabasi, na mara nyingi huiacha saa mbili usiku. Toa muda wa kula na kuswali, bado anabaki na saa kumi hivi juu ya siti. Mtu wa ofisini hakai kitako kiasi hicho, naye ana kiti chenye magurudumu na feni juu ya kichwa.

Alipokuja mara ya kwanza alisema siti imekufa, imekuwa ubao. Kweli ilikuwa imebonyea katikati. Akaniambia, "Fundi, niongezee sponji, inchi mbili." Nikamwongezea inchi mbili za godoro. Kazi ya nusu saa. Akaondoka akisema anakaa kama bosi. Mwezi wa kwanza akarudi: siti ni laini lakini inachoma, na ile inchi mbili imeshalala. Nikaongeza inchi nyingine, nikavua leksini, ile ngozi ya plastiki ya juu, ya zamani iliyopauka, nikamvalisha mpya nyeusi inayong'aa yenye uzi mwekundu pembeni. Ilipendeza mno. Niliipiga hata picha. Wiki tatu baadaye mama wa dagaa akakaangwa.

Aliporudi mara hii hakutaka hata nichukue vipimo. "Fundi, weka sponji nyingine, nzito kidogo."

Nikamwambia hapana. Nikamwuliza swali ambalo ningepaswa kumwuliza tangu mwanzo: inakuchoma saa ngapi?

"Wakati wote."

Hakuna kitu kinachochoma wakati wote, isipokuwa deni. Nikamwomba kwa siku tatu, kila siti inapomkera, anitumie ujumbe wa sauti kwenye simu aseme saa, mahali, na sehemu gani ya mwili. Nilipata jumbe kumi na tisa, nyingine zina matusi ambayo sikuyaomba. Lakini nilipozisikiliza kwa mfululizo usiku wa siku ya tatu, niligundua kwamba kijana hakuwa na shida moja. Alikuwa nazo tatu, na kwa kuwa zote zilikuwa chini ya kiuno alikuwa amezipa jina moja.

Ya kwanza ilitokea kati ya saa tano na saa tisa mchana, kila mara baada ya pikipiki kusimama. Ghafla, kali, dakika chache ikaisha. Hii ndiyo iliyomkuta mama. Ya pili ilianza baada ya safari ndefu au mfululizo wa safari, na jumbe nne kati ya hizo zilikuwa za usiku, jua limeshazama zamani. Hiyo ilikuwa fukuto: kulowana, kuwashwa, kujihisi amekalia uji. Abiria hawakuwahi kuilalamikia. Ya tatu ilikuwa ndani ya mapaja, karibu na tangi, foleni ikikaza au akiwa anapenya taratibu sokoni.

Nianze na ya jua, kwa kuwa ndiyo iliyoleta kelele.

Tanga tuko nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na tena wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu. Hii ya pili huangukia mwishoni mwa kaskazi, wakati hewa ni nzito na mvua za masika bado. Ukuta wa nyumba saa sita na nusu haupigwi na jua sana, maana jua liko juu yake. Siti ya pikipiki imelala chali. Inalipokea lote, kifua wazi. Leksini nyeusi iliyolala juani namna hiyo hupita nyuzi joto 60 bila shida, wakati ngozi ya binadamu huanza kusikia maumivu kwenye 43 au 44.

Sina kipimajoto cha kazi hiyo. Nina kiganja. Nikachukua benchi langu la mbao, nikabana juu yake vipande vya ukubwa mmoja, kila kimoja na sponji chini yake: leksini nyeusi mpya, nyeusi ileile ya zamani niliyoivua kwake, ya kahawia, ya kijivu hafifu, nyeupe, kipande cha gunia la katani, na kipande cheusi cha kitambaa cha neti, kile kinene chenye matabaka mawili yaliyoshikwa na nyuzi zilizosimama katikati, kama cha mgongoni mwa mabegi ya shule. Nikaviacha juani nusu saa, kisha nikaweka kiganja kwenye kimoja baada ya kingine nikihesabu.

Nyeusi mpya sikufika tatu. Nyeusi ya zamani nilifika tano. Kupauka kumbe kulikuwa kunamsaidia, nami nikauvua msaada huo nikamlipisha. Kahawia ilikuwa karibu sawa na nyeusi ya zamani. Kijivu nilipita kumi na mbili, joto lipo lakini mkono unakaa. Nyeupe niliweza kuuacha mkono nikazungumza na jirani. Gunia nalo halikuwa baya.

Ila iliyonishangaza ni ile neti. Ni nyeusi tii, nilitarajia initoe kelele. Nilipogusa ilinichoma kama kuumwa na mbu, papo hapo ikapoa. Nikarudia, vilevile. Sababu yake ukiifikiria ni ya jikoni. Chungu na jani la mgomba vinaweza kutoka jikoni vikiwa na moto mmoja, lakini chungu kina mwili, kina akiba ya joto ya kukumiminia mkononi. Jani halina kitu. Leksini ni bamba la plastiki lililobana, linagusana na ngozi kila mahali na lina akiba. Neti ni hewa yenye nyuzi chache. Inapata moto, lakini haina cha kukupa.

Hapo nikawa nimepata nusu ya jibu. Kama shida ingekuwa jua peke yake, ningemshonea leksini ya kijivu, tungeagana. Lakini zilikuwepo zile jumbe za usiku.

Usiku jua halipo, kwa hiyo anayeunguza ni kijana mwenyewe. Mwili wa mtu mzima aliyetulia hutoa joto kama la balbu ya wati 100 ya zamani, mchana na usiku. Joto hilo lazima litoke. Sehemu zilizo wazi hulitoa kwa upepo na jasho. Sehemu iliyokaliwa hutegemea kilicho chini yake. Na mimi chini yake nilikuwa nimeweka nini? Inchi tatu za sponji juu ya ile ya kiwandani.

Sponji ya siti na ya godoro ni povu la poliuretheni. Ndugu yake mgumu, wa ukoo huohuo, ndiye aliyejazwa ndani ya kuta za friji, na amewekwa mle kwa kazi moja tu: kuzuia joto lisipite. Ile ya friji imefungwa vishimo vyake, hii ya siti vishimo vyake vimefunguka, ni kweli, na ukiipulizia kwa mdomo hewa inapita. Lakini mtu akiikalia vinabanwa, na juu yake kuna leksini isiyopitisha hata tone. Kwa lugha nyingine, kila alipolalamika joto mimi nilimwongezea ukuta wa friji, naye yuko upande usio na barafu.

Kuna jambo baya zaidi ambalo nilichelewa kuliona. Sponji ya godoro la bei ya chini ni nyepesi, kama kilo 15 hadi 20 kwa mita ya ujazo. Ile ya siti inayotoka kiwandani humiminwa ndani ya kalibu, nzito mara mbili au tatu yake. Ile nyepesi mtu akiikalia anazama. Mfupa unafika chini palepale ulipokuwa unafika kabla sijaongeza, ndiyo maana alisema imelala, lakini nyama za pembeni sasa zimekumbatiwa na sponji kuanzia kalio mpaka katikati ya paja. Eneo la mwili lililofungiwa limekuwa kubwa kuliko mwanzo. Laini ndiyo iliyomtia jasho. Mtu anayekaa juu ya benchi la mbao anaumia mifupa, lakini hatoki harara.

Naye harara alikuwa nayo. Hakunionyesha, wala sikuomba kuona, lakini alinieleza: vipele vidogo vidogo, vinachoma kama sindano akitoka jasho. Kisha akataja na kitu kingine, mduara kwenye kinena wenye ukingo ulioinuka, unaowasha usiku. Alikuwa anapaka krimu aliyouziwa dukani, inatuliza siku mbili kisha mduara unapanuka. Mimi ni fundi siti, nikamwambia hapo mdogo wangu mwisho wa kazi yangu, nenda zahanati. Alikwenda. Vipele vilikuwa harara kweli, ambayo ni vijitundu vya jasho kuziba, na dawa yake kubwa ni kupoa na kukauka. Mduara ulikuwa fangasi, na ile krimu ilikuwa na dawa ya steroidi inayotuliza mwasho huku ikiwaachia fangasi uwanja. Akabadilishiwa. Naandika hili kwa sababu kwenye vijiwe vingi mambo haya mawili huitwa kwa jina moja, "joto la siti", na yapo mengine ambayo hakuna siti itakayoyaponya.

Shida ya tatu, ya mapajani, ilinichukua dakika tano kuiona. Nilimwambia akae kwenye pikipiki, nikasogea pembeni nikatazama. Inchi tatu zangu zilikuwa zimemwinua nyuma na kuacha mteremko kuelekea mbele. Kila akishika breki anateleza mpaka kwenye tangi. Injini hizi hupozwa na upepo. Pikipiki ikisimama upepo hakuna, moto wa silinda unapanda moja kwa moja chini ya tangi na kwenye mapaja. Amekaa mbele kuliko anavyopaswa kwa sababu mimi nilimtengenezea bembea.

Sasa majaribio. La kwanza nalieleza ingawa linanitia aibu kidogo, kwa kuwa nilijiona mjanja.

Marehemu mwalimu wangu wa kazi alijifunzia kwenye magodoro ya usumba. Kina mama wa pwani hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa ufukweni, maji ya bahari yanapanda na kushuka juu yake kwa miezi, kisha huyafukua na kuyaponda wakapata nyuzi. Nyuzi hizo hizo za kamba ndizo zilizokuwa zinajazwa kwenye magodoro na viti kabla sponji haijatujia. Godoro la usumba ni gumu, linachoma kidogo, lakini wazee wote watakwambia lilikuwa baridi. Hewa inatembea ndani yake. Nikasema hapa ndipo jibu lilipo: nikatoa zile inchi tatu za sponji, nikapanga usumba inchi moja na nusu, nikaushona kwa mishono ya kupitiliza usikimbie, nikarudisha leksini juu.

Siku ya kwanza alisifu. Siku ya nne akanitumia ujumbe: fukuto palepale. Nilikaa nikaitazama siti hiyo kwa muda kabla sijajicheka. Nimeweka hewa chini ya leksini! Jasho liko juu ya leksini. Sawa na kufungua dirisha la chumba cha jirani. Usumba ungefanya kazi kama juu yake kuna kitambaa kinachopumua, lakini siti ya pikipiki hulala nje na mvua inainyeshea; kitambaa kingepitisha maji, usumba ungelowa, ungeoza na kunuka kama pango la popo.

Kijana naye alikuwa na jaribio lake alilolipata kijiweni: kutandika kitambaa kilicholowa. Mtu wa Dodoma angefaidi, kule hewa ni kavu na maji yakikauka yanaondoka na joto. Hapa mwezi wa pili hewa yenyewe imeshiba maji. Kitambaa kilibaki chapachapa, suruali ikalowa, harara ikashangilia. Jingine lilikuwa leksini nyeupe. Nilimkatalia kabla hajanunua: ingepoa kweli, lakini kwa vumbi letu na abiria wenye ndoo za samaki ingekuwa na rangi ya chai ndani ya wiki moja, na jua likiipiga asubuhi ingemrudishia mwanga machoni.

Tulichofanya mwishowe ni hiki.

Nilivua pini zote, nikafika kwenye bamba la chini la plastiki. Sponji ya kiwandani ilikuwa bado hai, imechoka sehemu mbili tu, chini ya mifupa ya makalio. Hapo nilikata mashimo mawili ya upana wa kisahani na kuyajaza sponji nzito niliyoitoa kwenye siti ya gari iliyopata ajali, nikaibandika kwa gundi na kuipiga msasa mpaka mkono usihisi mpaka. Hakuna kilichoongezwa juu. Kisha nikachonga kikao: sehemu ya dereva nikailaza iwe sawia, ikiinuka kidogo sana upande wa tangi, ili akishika breki asiteleze. Katikati, kuanzia pale mfupa wa mkia unapokaa kuja mbele, nikafungua mfereji wa vidole viwili upana na kidole kimoja kina. Mfereji huo ndio siri ndogo ninayoipenda kuliko zote. Hauonekani ukishavishwa leksini, lakini sehemu inayotoka jasho zaidi haigusi kitu tena.

Juu nikavisha leksini ya kijivu hafifu isiyong'aa, yenye chembechembe kidogo ili isiteleze. Mishono nikaisukuma pembeni kabisa, maana mshono ukikaa chini ya kalio unasugua, na ngozi iliyolowa haihimili kusuguliwa. Leksini imebaki kwa sababu ya mvua. Inalinda sponji. Kazi ya kupumua nikaipa kitu kingine.

Kitu hicho ni kava la neti. Nilichukua ile ya matabaka mawili, nene kama kidole cha mtoto, nikaishona iwe kava la kuvua na kuvaa, lastiki kuzunguka chini na ndoano nne. Haijabandikwa. Nikaipa upande wa dereva na wa abiria, na ncha ya mbele nikaiacha wazi bila pindo zito. Zile nyuzi zilizosimama katikati ya matabaka haziruhusu neti ilale kabisa hata mtu wa kilo 70 akikaa, kwa hiyo kuna upenyo mwembamba kati ya suruali na leksini. Pikipiki ikitembea upepo unaingia kwa mbele na kutokea pembeni. Ni upepo kidogo, lakini jasho halihitaji tufani ili likauke.

Usichanganye na zile neti nyembamba za tabaka moja zinazouzwa barabarani. Zile ni pambo. Ukizikalia zinalala na kuwa leksini ya pili. Jaribio lake ni jepesi: bana kwa vidole viwili uachie. Inayoruka kurudi, nunua.

Cha mwisho kilikuwa bure, na ndicho kilichonichukua maneno mengi kumshawishi: kuifunika siti ikiwa imesimama. Nilimkatia kipande cha gunia la katani, upande mmoja nikashonea turubai la rangi ya fedha. Akifika kijiweni anakitupa juu, upande wa fedha ukitazama jua. Akipata abiria anakikunja chini ya kamba ya mizigo. Alisema wenzake watamcheka. Nikamwuliza kama aliwahi kujiuliza kwa nini wale wanaolala juu ya pikipiki zao mchana, miguu kwenye usukani, hawapati malalamiko ya abiria. Mwili wao ndio gunia. Kwa hilo alicheka yeye.

Nguo hatukuzungumza sana. Aliacha boksa za nailoni akarudi kwenye pamba, na jinzi nzito amezibakiza kwa kuwa akianguka zinamwokoa ngozi. Hapo sikubishana.

Matokeo. Nilimwomba tena jumbe za siku tatu, wiki mbili baadaye, mwezi wa tatu mwanzoni, jua liko utosini kwelikweli. Nilipata tano. Za kuungua mbili, zote siku aliyosahau gunia. Ya fukuto moja, alipopeleka mtu Muheza na kurudi bila kupumzika. Za mapajani mbili. Harara iliisha kabla ya mwezi, lakini siti siwezi kuipa sifa yote, zahanati nayo ilikuwa kazini.

Masika ilipoanza tulijifunza kwamba neti hushika maji kama sifongo. Mvua ikikatika, leksini unaifuta kwa mkono mmoja, neti inamlowesha abiria dakika ishirini. Ndiyo maana nashukuru sikuibandika: wingu likitokea Usambara anaivua, anaikung'uta, anaiweka kwenye mfuko. Tope pia huingia kati ya matabaka, na usipoifua kwa sabuni kila wiki inaanza kukwaruza. Kava la kwanza lilichoka mishono ya ndoano baada ya miezi miwili. La pili nimeliwekea utepe wa mkanda wa begi.

Gharama yote, pamoja na sponji ya siti ya gari, ilikuwa ndogo kuliko jumla ya zile kazi mbili nilizomharibia. Sikumtoza ufundi, nilimtoza vifaa. Hesabu ya bosi wake haikusubiri siku hiyo, kwa hiyo tulifanya kazi usiku.

Mama wa dagaa alirudi, ila nisijisifu bure. Yule jirani wa kivulini alihamia kijiwe cha Sahare, na mama alikuwa anahitaji usafiri. Alipopanda alipapasa kwanza siti kwa kiganja, mara mbili, mbele ya watu, ndipo akakaa. Tangu hapo hapapasi.

Mapaja bado. Kikao kilichosawazishwa kimepunguza kuteleza, lakini moto wa silinda kwenye foleni uko palepale. Alijaribu kubana kipande cha neti kwenye mabega ya tangi. Kinasaidia pikipiki ikitembea, ikisimama hakisaidii kitu. Wazo langu la kuweka kibao chembamba cha kuelekeza hewa ya moto pembeni sijalifanyia kazi, maana sitaki kugusa kitu kinachopozesha injini bila kumwuliza fundi wa injini.

Kijiweni wenzake watatu wamekuja kutaka kava kama lake. Wawili wanabeba abiria, wanaendelea vizuri. Wa tatu hubeba magunia ya nazi kutoka Pongwe, na gunia lilipakwaruza sehemu ya nyuma mpaka nyuzi zilizosimama zikalala zote upande mmoja, kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe. Kava hilo limening'inia kwenye msumari kibandani. Nimejaribu kushonea kipande cha mpira wa tairi la ndani sehemu ya mzigo, lakini ni cheusi, na juzi saa saba nilikigusa nikakumbuka kikaango.